Majogoo wa Mitaboni Ndani ya Piza

Kwa muda wa miaka arobaini na mmoja, hapakuwa na karamu kubwa mjini Machakos na viungani mwake ambayo Mzee Habibu hakualikwa, na hapakuwa na hata moja aliyoalikwa kwa sababu ya uzuri wa hadithi zake. Aliitwa kwa ajili ya kisu chake. Ilikuwa desturi ya watu wa huku, wawe Wakristo wa Kathiani au wachuuzi wa Kyumbi, kwamba anayeoza binti yake au anayechangisha karo ya mwanawe hachinji mbuzi mwenyewe. Humtafuta Mwislamu amchinje, ili mgeni yeyote atakayeingia, wa dini yoyote, asirudishe mkono mbele ya sahani. Kazi hiyo Habibu aliirithi kwa babake, pamoja na jiwe la kunolea na uzito wa mwendo.

Alikuwa mtu wa taratibu. Alifika kabla jua halijapanda, akanoa, akamwelekeza mnyama kibla, akataja alichopaswa kukitaja, akamaliza, akaosha kisu mara tatu, akaketi. Kuanzia hapo hakuwa na kazi tena. Alipewa kiti chenye mto, akaletewa supu ya kwanza, na jioni akarudi nyumbani na shingo au paja ndani ya mfuko, akamkabidhi mkewe mlangoni. Katika elimu ya nyama, maarifa ya Habibu yalikoma shingoni mwa mnyama. Kutoka hapo kwenda chini ulikuwa ufalme wa Khadija.

Khadija aliletwa Machakos kutoka Mombasa akiwa bibi arusi asiyejua baridi ya Julai wala neno moja la Kikamba. Baridi hakuizoea kamwe. Kikamba alikijulia sokoni, akibishania bei ya pojo. Kila Idi, wote waliomwita Habibu ndani ya mwaka walikuja kwake kula pilau, naye Khadija aliwapikia. Kwanza walikuwa watu kumi, kisha ishirini, kisha haikujulikana tena ni wangapi, kwa maana kila mmoja alikuja na shemeji.

Mambo yalianza Idi iliyopita. Kavutha, jirani wa ukuta kwa ukuta anayeuza nguo za mitumba huko Tala, alikuwa akilamba vidole bila haya.

"Mama Ramzi," aliuliza, "hii pilau ikitoka tu kwa moto inakuwanga aje? Maanake hata hii imepoa inataka kuniua."

"Sijui, Kavutha," Khadija alijibu akicheka. "Sijapata kuila ikiwa moto. Mie hula mkishakwenda zenu."

Alisema hivyo bila manung'uniko, kama mtu anayeeleza kwamba mvua hunyesha Aprili. Lakini Habibu alikuwa akipita na birika la kunawia, na maneno hayo yakamwingia. Kuna miiba ya mgunga ambayo huisikii mpaka utakapojaribu kutembea. Habibu alitembea nayo siku tatu. Siku ya nne, aliporudi kutoka msikitini alfajiri, alisimama mbele ya mkewe kama shahidi mahakamani.

"Mama Ramzi, Jumapili ya mwisho wa mwezi nitawaita watu. Wewe hutapika. Hutasonga, hutakaanga, hutachemsha hata maji. Utaketi na wageni, na utakula chakula kikiwa moto, wa kwanza kabla ya wote."

"Na mpishi nani?"

"Hilo si lako."

"Baba Ramzi, wewe ukichemsha chai hushika moto."

"Hilo nalo si lako."

Ahadi ilikuwa imetoka, na Habibu hakuwa mtu wa kurudisha neno kinywani. Ila hakuwa na habari angeitimizaje. Aliyemwokoa ni Firdaus, mjukuu wake, aliyekuwa akisoma chuoni hapo mjini na kulala katika chumba cha nyuma.

"Babu, si uagize tu piza? Wanakuletea mpaka mlangoni. Iko kwa sanduku, iko moto, imekatwa tayari."

Habibu aliwahi kuiona piza mara moja, huko Mavoko, mikononi mwa mwanawe Ramzi, na akaipima kuwa ni chapati iliyoacha kukunjwa kwa uvivu wa mpishi. Lakini katika maneno yote ya mjukuu wake, lilimshika moja.

"Inafika ikiwa moto?"

"Mpaka inakuchoma."

"Basi twende."

Mwenye duka la piza aliitwa Kinyua, kijana wa watu waliohamia Yatta kutoka Murang'a. Alimwona Habibu akiingia, akatoka nyuma ya kaunta akajipangusa unga mikononi. Miaka sita nyuma, Habibu ndiye aliyechinja mbuzi wa harusi yake, na mtu aliyekufungulia harusi humpokei ukiwa umeketi.

"Mzee, karibu. Leo umekuja bila kisu?"

"Leo mimi ni mteja. Nataka piza kumi na mbili kubwa, Jumapili, saa saba kamili, nyumbani kwangu. Za kuku."

"Hiyo ni kazi nzuri. Kuku tuko nazo."

"Waliochinjwa na nani?"

Kinyua alikuna kisogo. "Zinakuja na gari kutoka Nairobi, mzee, zikiwa tayari. Ni halali. Karatasi iko na mhuri."

"Sijasema wanadanganya. Lakini mimi nimeishi kwa watu kuuliza nani amechinja kabla hawajala. Leo nile alichochinja nisiyemjua? Kuku nitawaleta mwenyewe, na nitawachinja hapo uani kwako."

"Sawa, mzee. Utaleta wa gredi?"

Habibu alimtazama kwa huruma. "Kinyua, wageni wangu ni Wakamba. Ukimpa Mkamba kuku wa gredi, hawa wa kisasa, mbele za watu, atakula, atakushukuru, halafu atakusema mpaka Tala. Nitaleta wa kienyeji."

"Sasa mzee, hao wa kienyeji, kwa piza..." Kinyua alianza, kisha akamtazama mzee usoni, akaikumbuka harusi yake, na yaliyobaki akayameza. "Ni sawa tu. Lete mapema."

Hapo ndipo heshima ilipofanya kazi ambayo jeuri isingeiweza. Laiti kijana angekuwa na utovu kidogo wa adabu, kisa hiki kingekwisha kwa amani saa saba mchana.

Siku ya Jumamosi Habibu alikwenda sokoni Mitaboni. Hakumwambia Khadija, kwa kuwa aliapa kumweka mbali na kila kitu kinachonukia jiko. Alipita kwenye matenga, akashika, akapima, akarudisha. Alichagua kwa macho ya mchinjaji: kifua kipana, shingo nene, manyoya yanayong'aa, na zaidi ya yote, vikwaru virefu nyuma ya miguu, ambavyo kwake vilikuwa alama ya kuku mwenye hadhi. Mama aliyekuwa akiuza alimpa majogoo tisa kwa haraka iliyopaswa kumtia shaka.

"Hawa wamekaa na mimi sana," yule mama alisema, akiwafunga miguu. "Huyu mwekundu aliniamshia mtoto tangu akiwa darasa la nne. Sasa mtoto yuko sekondari."

Habibu aliyachukua maneno hayo kuwa sifa.

Jumapili alfajiri aliwachinja wote tisa uani kwa Kinyua, mmoja baada ya mwingine, kwa ustadi ambao vijana wa jikoni walitoka nje kuutazama. Akaosha kisu mara tatu. Akarudi nyumbani, akafunga mlango wa jiko kwa kufuli, na ufunguo akautia mfukoni mwa kanzu.

Khadija alilitazama lile kufuli akiwa amesimama na taulo begani. "Na ndimu zangu zimo humo?"

"Zitakaa."

"Na kikombe changu?"

"Firdaus atakupa kingine. Nenda kavae."

Khadija alikwenda akavaa dera la kijani ambalo alikuwa amelihifadhi tangu arusi ya Ramzi, akaja akaketi uani chini ya turubai, mikono mapajani. Baada ya dakika tano mikono ilianza kupanga upya vikombe vilivyokwisha kupangwa. Habibu alivisogeza vikombe.

Wageni wapata thelathini walianza kuingia saa sita na nusu. Wa kwanza alikuwa Mutua, dereva mstaafu wa malori na rafiki wa Habibu tangu walipokuwa wakikimbizana pekupeku shuleni. Alikuwa amevaa koti.

"Shehe, mimi leo sijakunywa hata chai," alitangaza. "Nimekuja tumbo tupu kwa heshima yako. Hiyo kitu inaitwa piza iko wapi?"

"Saa saba kamili."

"Na kama haitoshi?"

"Mutua, hujaiona na umeshaikosoa."

"Mimi nauliza tu. Dereva huuliza petroli kabla ya safari."

Saa saba kamili ilifika, piza hazikufika. Saa saba na robo simu ya Habibu ililia. Aliondoka taratibu mpaka nyuma ya tangi la maji, kama mtu anayekwenda kutawadha.

"Mzee," sauti ya Kinyua ilisema, na nyuma yake kulisikika sufuria likitokota, "hizi kuku zimekataa."

"Zimekataa nini?"

"Kuiva. Tangu saa tatu ziko kwa moto. Tumeongeza maji mara nne. Kijana wangu amejaribu kukata moja na kisu ya piza, kisu ndiyo imepinda. Unga iko tayari, chizi iko tayari, oveni inawaka bure. Niweke zangu za Nairobi?"

Habibu aliegemea tangi. Kwa upande mmoja kulikuwa na wageni thelathini na neno lake. Kwa upande wa pili kulikuwa na miaka arobaini na mmoja ya kujua nani ameshika kisu. "Ngoja," alisema. "Usiweke kitu. Chochea."

"Nimechochea, mzee. Gesi moja imeisha."

Aliporudi, watu walikuwa wamemaliza jagi la pili la juisi ya maembe. Mutua alikuwa akiwaeleza walioketi karibu naye kwamba pengine piza hutoka nchi za nje kwa meli, na ndiyo maana ya kuchelewa. Kavutha alimwinamia Khadija sikioni, kwa sauti iliyofika barabarani.

"Mama Ramzi, wacha tupige ka-ugali haraka. Niko na mboga kwangu. Wanaume hawa wataanguka."

Khadija hakuhitaji kusukumwa. Alikwisha kuinuka, na taulo, ambalo hakuna aliyejua limetoka wapi, lilikuwa tena begani. Alifika mlango wa jiko akamkuta mumewe amesimama mbele ya kufuli, mikono nyuma.

"Baba Ramzi, fungua. Nina mchele kilo nane humo. Nusu saa watu wanakula."

"Sifungui."

"Watu wana njaa."

"Najua. Lakini nikifungua leo, sitaweza kufunga tena maishani."

Khadija alimtazama. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumsikia akizungumza hivyo nje ya sala. Akateremsha sauti. "Kumeharibika nini?"

"Kuku hawaivi."

"Kuku gani?"

"Majogoo. Wa kienyeji. Niliwanunua Mitaboni."

"Wa umri gani?"

Habibu alikohoa. "Walikuwa na vikwaru vya urefu huu," alisema, akipima kwenye kidole, na ndani ya moyo wake akatambua kwamba kile alichokipima kwa fahari jana, leo kilikuwa ushahidi dhidi yake.

Khadija aliweka mkono ukutani. Kwanza mabega yalitikisika, kisha akaanza kucheka, kicheko cha kimya kilichomtoa machozi akayafuta kwa lile taulo. "Umetaka kuwatia wazee wa mtaa ndani ya mkate," alisema alipopata pumzi. "Nipe simu."

"Uliahidiwa kutopika."

"Sipiki. Naagiza. Kuagiza si kupika, Baba Ramzi. Wewe umeagiza tangu tuoane na hakuna aliyekuita mpishi."

Habibu alilipima neno hilo kwa pande zote, kama anavyopima makali ya kisu kwenye ukucha, asipate pa kulikamata. Akatoa simu. Khadija akaketi tena kitini pake chini ya turubai, dera likatandazika, akaiweka simu sikioni.

"Kinyua, mwanangu. Hujambo? Mie mamako Khadija. Pole na hao wazee. Una mtu wa kumtuma sokoni? Haya, alete mapapai mabichi mawili, yale ya kijani yanayotoa maziwa. Myakate vipande vidogo na maganda yake, myatie sufuriani, yatawalainisha. Na unga si mnao uliokandwa? Chukua donge, uviringe kama kamba, uzibe ukingo wa mfuniko wote, mvuke usipate njia. Asifunue mtu mpaka nikuambie. Mtu akifunua, Kinyua, nitajua."

"Hawezi kujua," Mutua alinong'ona.

"Atajua," Habibu alimjibu.

"Na wakishaiva," Khadija aliendelea, "msikate kwa kisu. Chambueni kwa vidole, nyuzi nyuzi, ndipo mtandaze juu. Na hiyo supu mmeiweka wapi?"

Kinyua alijibu upande wa pili. "Mama, hiyo maji tulikuwa tunataka kumwaga."

Uso wa Khadija ulibadilika, na wageni wote walioweza kuuona walinyoosha shingo. "Majogoo tisa wa kienyeji," alisema polepole, "saa nne motoni, na nyinyi mnaita maji. Tia chumvi, tia tangawizi, ifunge kwenye madebe safi, ije pamoja na hizo piza."

Neno "supu" lilipita chini ya turubai haraka kuliko tangazo la chifu. Mutua alivua koti. Wazee wawili waliokuwa wamekwisha kutazama saa zao waliketi upya, wakanyoosha miguu. Kwa muda wa saa nzima hakuna aliyezungumzia kuondoka. Walizungumzia majogoo waliowahi kuwashinda, na kila mmoja alikuwa na wake. Khadija alicheka mpaka kitambaa cha kichwani kikalegea. Habibu alimtazama akiwa mbali, akaona kwamba hajapata kumwona mkewe katikati ya wageni mchana. Siku zote alimwona akitoka mlangoni na sinia na kurudi na sinia.

Saa tisa kasorobo simu ililia. Khadija alisikiliza, akasema neno moja tu: "Funua."

Baada ya dakika arobaini na tano pikipiki iliingia langoni. Dereva wake, mwanamume mwenye kofia ngumu aliyejitambulisha kwa jina la Jeff, alikuwa amefunga sanduku kubwa la kutunza joto nyuma na madebe mawili ya supu mbele, akiendesha katikati ya mizigo hiyo kama mtu aliyebeba mayai.

"Umau," alimwamkia Habibu kwa Kikamba, kama mtu anavyomwamkia babu yake, "hiyo harufu imenipitisha Soko Mjini na watu wamenifuata. Wawili bado wako kwa geti."

"Waingie," Habibu alisema.

Alipokea sanduku la kwanza la piza kwa mikono miwili. Lilimchoma viganja hata akalazimika kulihamisha kutoka mkono hadi mkono, na uchungu huo ulimfurahisha. Hakumpa Mutua, ingawa Mutua alikuwa amesimama njiani. Hakumpa hata imamu wa msikiti wao, aliyekuwa ameketi mbele. Alipita katikati ya watu wote mpaka kwa Khadija, akainama, akaufungua mfuniko. Mvuke ulipanda. Nyuzi za kuku zilikuwa zimelala juu ya jibini, za kahawia, zimelegea kama wazee waliokubali.

"Bismillahi," alisema. "Kula, Mama Ramzi. Sisi tunangoja."

Khadija alichukua kipande, akakipuliza mara moja, akauma. Macho yakamtoka kwa joto. Akapepea mdomo kwa kiganja, akatafuna, akameza.

"Haya?" Kavutha aliuliza, shingo mbele.

"Moto," Khadija alisema, na akauma tena kabla ya kusema zaidi. "Ila kuku wa nani hawa, jamani. Wamelegea."

Hapo ndipo karamu ilipofunguka. Masanduku yalizunguka, supu ikamiminwa vikombeni, na Mutua, aliyekunja kipande chake mara mbili kama chapati, alikiri kwa sauti kwamba kitu hiki kingefanyiwa harusi. Jeff alitumwa kuzileta zilizobaki, akarudi, akakalishwa, akapewa kikombe.

Kisha Kavutha akaonja supu ya debe la pili na kukunja uso. "Kinyua amesahau hii. Mama Ramzi, chumvi iko wapi?"

Khadija alikuwa tayari ameweka mikono kwenye kingo za kiti, magoti yamekwisha kukaza, kama alivyofanya kila aliposikia swali hilo tangu alipokuwa bibi arusi. Habibu alisimamisha kikombe hewani. Khadija akatazama kiti, akamtazama mumewe, akalegeza magoti, akarudi chini.

"Mwulize mwenye karamu," alisema.

Habibu alitoa ufunguo, akafungua jiko, akaingia. Mbele yake, rafu mbili zilijaa makopo ya zamani ya kakao na majani ya chai, yasiyopungua thelathini, yote yamefungwa, yote yamenyamaza. Hakuna hata moja lililoandikwa kilichomo.

"Mama Ramzi," aliita kutoka ndani, "iko kopo lipi?"

Khadija alichukua kipande cha pili. Jibini ilivutika mpaka karibu na pua yake, akaikata kwa kidole.

"Onja," alijibu.

Mutua aliangua kicheko, na Kavutha akamfuata. Jikoni kopo la kwanza likasikika likifunguliwa, kisha chafya. Kisha la pili, kisha la tatu. Khadija aliegemea kiti, akanyoosha miguu mbele, akaendelea kula.